Sura ya Sita: Tunguu Hulala Kiangazi

Mwezi wa tatu, mvua ya kwanza ikishanyesha Busia na Malaba, kuna ua jekundu linalochomoza kwenye boma nyingi kabla mahindi hayajaota. Bua lake ni nene na husimama bila jani, na juu yake hufunguka maua mawili hadi manne yenye umbo la tarumbeta. Wiki mbili baadaye yamekwisha, na mwenye boma huyasahau hadi mwaka unaofuata. Wapo watu ambao ua hilo huwarudia kila mwaka bila kukosa. Wapo pia majirani zao walionunua tunguu la aina ile ile, kwenye kitalu kile kile, wakaona maua mara moja tu, kisha majani matupu mwaka baada ya mwaka. Sura hii inaeleza kwa nini.

Wengi husema fulani ana mkono mzuri. Mimi sikubaliani nao. Anayepata maua kila mwaka ni yule anayefanya kazi katika miezi ambayo hakuna ua la kutazama, na kazi yenyewe si kubwa: kulinda majani, kupanda kwa kina kinachofaa, na kuliacha tunguu lilale kiu wakati wa kiangazi. Mtu yeyote mwenye jembe na subira anaweza kuifanya.

Jua ulichoshika mkononi

Kwenye vitalu vya kando ya barabara, karibu kila tunguu lenye ua kubwa huuzwa kwa jina la lili. Jina hilo halina ubaya, lakini chini yake zimo jamii kadhaa za mimea zenye tabia tofauti, na tabia ndiyo inayoamua matunzo.

Lili halisi ni zile za jenasi ya Lilium. Zipo takriban spishi mia moja, zote za nusu ya kaskazini ya dunia: Ulaya, China, Japani, Marekani. Afrika haina hata moja ya asili. Ile nyeupe inayopambwa makanisani wakati wa Pasaka, Lilium longiflorum, kwao ni visiwa vya Ryukyu kusini mwa Japani, na Taiwan.

Ua jekundu la mwezi wa tatu ni la jenasi nyingine, Hippeastrum, ambalo wauza maua hulifahamu zaidi kama amarilisi. Kwao ni Amerika Kusini. Mwaka 1799 fundi saa mmoja wa mji wa Prescot, Uingereza, Arthur Johnson, alichanganya aina mbili za Hippeastrum akapata ua jekundu lenye mistari myeupe. Mseto huo unabeba jina lake hadi leo, na kutoka kwenye kazi za wapenda maua wa namna hiyo ndiko zilikotoka aina nyingi zilizosambaa duniani, zikafika mpaka kwenye bustani zetu.

Kundi la tatu ni matunguu na viazi vya maua vya kwetu wenyewe, ambavyo nitavirudia mbele.

Ukitaka kutofautisha lili halisi na amarilisi bila kuona ua, lishike tunguu. Lili halisi haina ganda la nje. Ni magamba meupe, manene, yaliyobebana, na ukivuta moja kwa kidole linabanduka. Kwa kuwa liko uchi, hukauka haraka, hivyo tunguu la lili lililoanikwa juani sokoni siku nzima usilinunue. Amarilisi imevikwa ganda kavu la kahawia, na ndani yake tabaka zimezungukana pande zote, hazibanduki vipande vipande. Hiyo huvumilia safari na hata wiki kadhaa za kukaa bila udongo.

Ukipata amarilisi kubwa iliyoharibika upande mmoja, usiitupe kabla ya kuitazama ndani. Ipasue kwa kisu kikali kutoka shingoni hadi kwenye kitako. Kitako ni ile sahani ngumu ambako mizizi hutokea. Katikati ya tabaka nyeupe utaona kitu kidogo cha kijani kibichi kilichojibana pembeni, kimechongoka juu. Hilo ni bua la maua yajayo, limekwisha kuumbwa na linangoja. Karibu zaidi na katikati utaona jingine, dogo kuliko lile, na hilo ni la baadaye. Amarilisi hutengeneza chipukizi moja la ua kwa kila majani manne inayotoa, na chipukizi hilo huchukua zaidi ya mwaka mzima kukua ndani ya tunguu kabla ya kutoka nje. Kwa hiyo ua unaloliona Machi lilianza kuumbwa kabla ya Machi iliyopita. Aliyefyeka majani mwaka jana asilaumu mvua ya mwaka huu.

Kiangazi badala ya baridi

Vitabu vingi vya maua viliandikwa kwa watu wenye majira ya baridi kali. Humo utasoma kwamba tunguu lipandwe kabla ya theluji, au lihifadhiwe mahali pa baridi. Busia na Malaba ziko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hapa joto la Januari na la Julai halipishani sana. Kinachopishana ni mvua: masika ya Machi hadi Mei, mvua ya pili kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba, na kati ya Desemba na Februari ardhi hukauka. Kwetu, kinacholiambia tunguu lilale ni ukavu.

Hapo ndipo uchaguzi wa maua unapokuwa rahisi. Amarilisi inafuata ukavu bila shida. Ukiinyima maji wiki nane hadi kumi, majani hunyauka na nguvu yote hurudi kwenye tunguu. Maji yakirudi, bua huchomoza. Mimea ya kwetu nayo imezaliwa na desturi hiyo.

Lili halisi haifanyi hivyo. Nyingi zinahitaji baridi ya kweli kabla ya kuchanua, na ndiyo maana wakulima wa maua wa nyanda za juu, kama Limuru na Kinangop, wana nafasi nzuri kuliko sisi, na hata huko wanaofanya biashara hununua matunguu yaliyokwisha kupozwa. Kama unaipenda lili nyeupe ya Pasaka na uko Amagoro au Nambale, kuna njia moja ya uhakika: baridi ya friji. Lifunge tunguu kwenye mfuko wenye matundu, ndani ya unga wa mbao wenye unyevu kidogo, uliweke sehemu ya chini ya friji, kwenye nyuzi 2 hadi 7, kwa wiki sita hadi nane. Lisikae karibu na ndizi mbivu wala maembe, kwa sababu gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva huharibu chipukizi la ua. Baada ya hapo lipande mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Longiflorum inastahimili joto kuliko lili nyingi, na hiyo ndiyo ningekushauri uanze nayo.

Murram, maji na tuta

Sehemu kubwa ya ardhi ya huku ina udongo mwekundu au wa kichanga, na chini yake, mara nyingi si mbali, kuna tabaka la murram. Mvua kubwa ya Aprili ikinyesha, maji hushuka hadi kwenye murram na kusimama. Mahindi huvumilia siku chache za hali hiyo. Tunguu halivumilii, huoza kuanzia kitakoni, na mwenyewe hugundua siku anapovuta jani likabaki mkononi.

Dawa yake kila mkulima wa viazi vitamu anaijua: tuta. Inua udongo sentimita 20 hadi 30 kutoka usawa wa shamba. Changanya udongo wa juu, samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, na mchanga wa mtoni. Walio karibu na Budalang'i wanaweza kupata makapi ya mpunga kutoka mashamba ya Bunyala, na yakichomwa yakawa meusi bila kugeuka jivu, hulegeza udongo vizuri sana. Mabaki ya miwa kutoka viwandani yanafaa pia, ila yakae lundoni miezi mingi kwanza, maana mabichi yanapooza hunyonya rutuba ambayo mmea unaihitaji.

Kina cha kupanda ndicho kinachowaangusha wengi, kwa kuwa lili halisi na amarilisi zinataka mambo yaliyo kinyume. Lili halisi hutoa mizizi chini ya tunguu na tena kwenye shina, juu ya tunguu. Mizizi hiyo ya shina ndiyo inayolisha maua, kwa hiyo ifukie kwa udongo wa sentimita 15 juu yake. Amarilisi haina mizizi ya shina. Ifukie mpaka mabegani tu, shingo na theluthi moja ya juu vibaki nje, vipate hewa na jua. Amarilisi iliyozikwa yote hutoa majani, hutoa watoto wengi, lakini maua huyachelewesha, na shingo yake ikikusanya maji huanza kuoza. Ukiwa na amarilisi iliyogoma miaka miwili au mitatu, kabla ya kuilaumu, fukua udongo kidogo kuizunguka uone imezama kiasi gani.

Asiye na shamba apande kwenye chombo. Mtungi wa lita 20 uliokatwa katikati na kutobolewa chini unatosha kabisa. Chombo kina faida moja kubwa hapa kwetu: mvua ya Desemba isiyotarajiwa ikija, unakisogeza barazani chini ya bati, na usingizi wa tunguu hauvunjiki.

Majani ndiyo shamba lenyewe

Tunguu ni ghala. Ua ni matumizi, majani ndiyo mavuno yanayoingia. Maua yanapoisha mwezi wa nne, mmea umetumia akiba yake na tunguu limelegea, ukilibonyeza unalisikia. Kuanzia hapo hadi Novemba majani yanafanya kazi ya kulijaza tena. Hiyo ndiyo miezi ya kulitunza kuliko miezi yote.

Ua likinyauka, likate pamoja na kifuko cha mbegu kilicho nyuma yake, isipokuwa unataka mbegu. Bua liache likauke lenyewe. Majani usiyaguse. Usiyafunge fundo ili boma lionekane nadhifu, usiyafyeke kwa panga unaposafisha nyasi kabla ya wageni, na ng'ombe asifungwe karibu. Wafanye vijana wanaofyeka uwanja waijue mimea hiyo. Weka mawe kuizunguka kama ni lazima.

Lishe iwe ya kiasi. Samadi iliyooza mwezi wa tano, na majivu ya jikoni konzi moja kwa kila mmea mwezi wa sita na wa tisa. Majivu yana potasiamu, ambayo hujaza tunguu, na udongo wetu wenye asidi huyapokea vizuri. Mbolea ya kukuzia mahindi, ile yenye nitrojeni nyingi, iweke mbali: huleta majani makubwa yanayopendeza na tunguu laini linalooza upesi.

Desemba ikianza, acha kumwagilia. Majani yatageuka manjano kuanzia ncha, na yakishakauka kabisa unaweza kuyaondoa. Amarilisi nyingine hubaki na majani mawili matatu mabichi hata kwenye ukavu, nazo ziache tu. Kitu cha kukumbuka ni kwamba kuuhurumia mmea kwa kikombe cha maji kila jioni ya Januari ni kuunyima usingizi.

Kuhesabu hadi Pasaka

Wanaopamba makanisa wanataka ua siku moja maalumu, na wauza maua wanaijua siku hiyo kwa sababu bei hupanda. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, kwa hiyo huwezi kuiachia mvua ikuamulie. Amarilisi iliyopumzika vizuri huchanua wiki sita hadi nane baada ya kupata maji, na kwenye joto letu mara nyingi ni upande wa wiki chache. Chukua wiki saba. Pasaka ya mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi. Rudi nyuma wiki saba, unafika tarehe 7 Februari. Siku hiyo lowesha chombo mara moja, vizuri, kisha acha hadi uone ncha ya bua, ndipo uanze kumwagilia kawaida. Mwenye vyombo vingi avigawe mafungu matatu, kila fungu lianze wiki moja baada ya jingine, na fungu moja litaangukia siku yenyewe.

Kata bua alfajiri, chipukizi la kwanza likishapata rangi lakini kabla halijafunguka. Bua la amarilisi ni tupu ndani na huinama likibeba maua mazito. Ligeuze kichwa chini, lijaze maji, ziba kwa pamba, kisha zungushia mpira wa kufungia pesa mwishoni ili ncha isipasuke na kujikunja. Likitunzwa hivyo na kubadilishiwa maji, hukaa wiki nzima na zaidi. Kwa lili halisi, ng'oa vile vichwa vya chavua ua linapofunguka tu, kabla havijapukutisha ule unga wa rangi ya kutu, kwa sababu ukidondoka kwenye kitambaa cheupe cha altare hautoki kwa sabuni.

Yanayoua tunguu, na tunguu linaloua

Adui mkubwa wa amarilisi na jamaa zake ni kiwavi mweusi mwenye madoa meupe na ya njano, mtoto wa nondo aitwaye kitaalamu Brithys crini. Huanza kwenye majani akiwa na wenzake wengi, kisha hushuka shingoni na kuingia ndani ya tunguu. Akishafika huko dawa haimfikii. Kagua majani jioni, waokote kwa mkono, waue. Fuko naye hula matunguu kutoka chini, na anayesumbuliwa naye hupanda ndani ya ndoo iliyotobolewa au kikapu cha waya.

Mistari na mabaka mekundu kwenye majani na mabua ni ukungu unaopenda maji yaliyosimama shingoni. Ondoa sehemu zilizoshikwa, mwagilia chini badala ya juu. Majani yenye mabaka ya manjano na kijani kilichofifia ni jambo zito zaidi, maana mara nyingi ni virusi, na virusi havina tiba. Ng'oa mmea huo, uchome, na uoshe kisu kwa maji yenye Jik kabla ya kugusa mmea mwingine. Kisu kinabeba ugonjwa kuliko upepo.

Nawaomba pia wazazi: haya si matunguu ya jikoni. Amarilisi ina sumu ya likorini, inayotapisha vibaya, kwa hiyo isihifadhiwe kwenye rafu moja na vitunguu maji. Lili halisi huharibu figo za paka, hata akilamba chavua tu.

Za kwetu

Kabla ya kutafuta lili za mbali, tazama zilizopo. Kando ya mito, vichakani na ubavuni mwa vichuguu kuna Scadoxus multiflorus, ambayo mvua ikianza hutoa mpira mwekundu wa maua membamba, mengi kiasi cha mia na zaidi kwenye bua moja. Yenyewe inapenda kivuli, na chini ya mwembe inakaa vizuri. Kwenye maeneo yenye unyevu kuna Crinum, yenye matunguu makubwa, maua meupe yenye mistari ya waridi, na mbegu nene zinazoota hata zikiwa mezani bila maji. Kwenye ua wa miti utakuta Gloriosa superba, inayopanda kwa kujishikilia kwa ncha za majani, yenye maua mekundu na manjano yaliyogeuka juu. Hiyo haina tunguu. Ina kiazi chenye umbo la pembe, chenye chipukizi upande mmoja tu, kinacholazwa ubavu kwenye kina cha sentimita tano hadi kumi. Kiazi hicho kina kolkisini na kimewahi kuua watu waliokidhania chakula. Katika nchi ya mihogo na viazi vitamu, kipande mbali na shamba la chakula, na watoto waambiwe wazi.

Usizing'oe zote porini. Chukua mbegu, au mtoto mmoja wa tunguu, na uache mama.

Mpaka

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, bidhaa nyingi huvuka kwa urahisi kuliko zamani. Mmea haufanani na bidhaa nyingine. Mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa upande wa Kenya, Teso ikiwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Watu wa huku waliopoteza migomba yao hawahitaji kuelezwa zaidi. Ugonjwa husafiri ndani ya machipukizi, kwenye panga, na kwenye udongo ulioshikana na mizizi.

Kwa hiyo anayetaka kuleta matunguu kutoka Uganda, hata matano, aanzie KEPHIS, taasisi ya serikali ya Kenya inayokagua afya ya mimea, kuomba kibali kabla ya kununua, na matunguu yaje na cheti cha afya ya mimea kutoka upande wa pili, yakiwa yameoshwa. Udongo hauruhusiwi kuingizwa nchini. Njia ya panya inaokoa saa moja, na inaweza kugharimu jirani shamba.

Kuzidisha

Njia iliyo salama zaidi ni kuzidisha ulichonacho. Fundo la amarilisi lililokaa miaka minne hufukuliwa Januari, likiwa limelala. Watoto wenye mizizi yao huachana na mama ukiwapindua kidogo kwa mkono. Lili halisi huzidishwa kwa magamba: bandua machache ya nje, yaweke kwenye unga wa mbao wenye unyevu ndani ya mfuko, na baada ya wiki sita hadi nane utaona vijitunguu kwenye kila kitako cha gamba.

Kuna pia njia ya kisu kwa amarilisi. Likate tunguu kubwa lenye afya kama unavyokata chungwa, vipande vinane hadi kumi na sita, kila kimoja kikibaki na sehemu ya kitako. Bila kitako kipande hakitoi kitu. Vipande vikauke siku moja kivulini, kisha vipandwe kwenye mchanga wenye unyevu, ncha zikitazama juu. Kati ya tabaka vitatokea vijitunguu, na katika miaka mitatu au minne, vikifikia mzunguko wa sentimita 20 hivi, vitaanza kuchanua. Muda wote huo havina cha kukuonyesha isipokuwa majani, na majani hayo ndiyo yanayojenga kila ua utakalouza au kumpa mtu. Tunguu moja zuri linaweza kuanzisha kitalu kizima kwa kisu safi, tuta lisilosimamisha maji, na mtu asiyekata majani.